Daktari wa vita hufunzwa wapi wakati wa amani?

DAKTARI wa jeshi hushinda akifanya nini nchi inapokuwa imetulia tuli? Wengi wetu tukimfikiria, tunaona mtu aliyevaa kombati, ameinama chini ya turubai, mikono imetapakaa damu, mizinga ikinguruma ng'ambo ya mlima. Ukweli ni kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi daktari huyo hafanani na picha hiyo hata kidogo. Asubuhi anampima sajini aliyenenepa shinikizo la damu. Saa nne anampasua kuruta ngiri. Alasiri anamzalisha mke wa koplo. Jioni anarudi nyumbani kula na wanawe kama mimi na wewe.

Kisha siku moja amri inashuka. Kikosi kinaondoka, naye yumo. Baada ya wiki chache, mtu ambaye kwa miaka mitatu hajaona kidonda cha risasi anatarajiwa kumpokea kijana aliyekatwa miguu yote miwili na bomu la kutegwa ardhini, tena amwokoe.

Hapo ndipo penye kitendawili ambacho majeshi ya dunia yamekuwa yakihangaika kukitegua. Upasuaji ni kazi ya mkono, na mkono usipotumika husahau. Muulize fundi cherehani aliyekaa mwaka mzima bila kukanyaga mashine. Vita vinapoisha, ujuzi uliopatikana kwa taabu huanza kuyeyuka: mabingwa wanastaafu, wengine wanahamia hospitali za kibinafsi kwenye malipo mazuri, na wanaobaki wanarudia ngiri na vidole tumbo. Vita vingine vikizuka, majeruhi wa kwanza ndio wanaomlipia daktari karo ya kujifunza upya. Nchini Uingereza waganga wa kijeshi wameipa hali hiyo jina la 'bonde la Walker', kutokana na Alasdair Walker, daktari mpasuaji wa jeshi la majini.

Jambo lenyewe si geni. Mnamo 1537 Mfaransa Ambroise Paré, kijana asiyewahi kuona vita, alikuwa na jeshi la mfalme wake karibu na mji wa Turin. Enzi hizo vidonda vya bunduki vilimiminiwa mafuta yanayochemka, kwa imani kwamba baruti ni sumu. Mafuta yakamwishia. Kwa kukosa la kufanya, aliwapaka waliosalia mchanganyiko wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, kisha akakosa usingizi usiku kucha akidhani atakuta maiti. Kulipopambazuka, waliopakwa yai walikuwa wametulia. Waliochomwa mafuta walikuwa na homa, maumivu na uvimbe. Mwaka 1545 akaandika kitabu. Elimu kubwa, lakini hebu wafikirie wale waliofika kwake kabla mafuta hayajaisha.

Usiku mmoja Mogadishu

Mabadiliko makubwa ya siku zetu yanahusiana na mji ulio jirani nasi. Tarehe 3 Oktoba 1993 wanajeshi wa Marekani waliingia eneo la soko la Bakara, Mogadishu, kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Mohamed Farrah Aidid. Kazi iliyotarajiwa kumalizika haraka ilikatika pale helikopta mbili za Black Hawk zilipoangushwa. Mapigano yaliendelea hadi asubuhi ya pili. Wamarekani 18 waliuawa, na pia mwanajeshi mmoja wa Malaysia na mmoja wa Pakistan waliokuja kuwaokoa. Wasomali waliokufa walihesabiwa kwa mamia, na kwao hakukuwa na helikopta ya kuwabeba.

Majeruhi kadhaa wa Marekani walinaswa ndani ya nyumba za mji huo usiku mzima. Hospitali yao haikuwa mbali, lakini haikufikika. Mmoja wao alivuja damu kutoka kwenye mshipa mkubwa wa paja mpaka akakata roho, na mhudumu wa tiba aliyekuwa naye alikuwa amefanya kila aliloweza.

Miaka hiyohiyo Frank Butler, daktari wa macho wa jeshi la majini la Marekani ambaye kabla ya udaktari alikuwa komando, alikuwa akiuliza swali ambalo ni ajabu kwamba hakuna aliyeliuliza kwa dhati mbele yake: kwa nini askari anafundishwa kumtibu mwenzake vitani kana kwamba wote wawili wamesimama kando ya barabara ya mjini wakingoja ambulensi? Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha mwongozo mpya uliogawa tiba ya vitani katika hatua tatu: risasi zinapolia, risasi zinaponyamaza, na wakati wa safari ya kwenda hospitalini. Katika hatua ya kwanza hakuna kupima mapigo ya moyo wala kutundika maji. Ni kujibu mashambulizi, kujificha, na kama mkono au mguu unabubujika damu, kufunga ukanda wa kukazia damu. Basi.

Ukanda huo ulikuwa umepigwa marufuku na karibu kila mwalimu wa huduma ya kwanza. Wasomaji waliopitia uskauti watakumbuka onyo: ukiufunga, mgonjwa atakatwa mguu. Vita vya Iraki vilibatilisha onyo hilo. Katika hospitali ya Ibn Sina mjini Baghdad, mwaka 2006, madaktari wa Marekani walifuatilia majeruhi 232 waliofungwa kanda hizo. Waliofungwa kabla hawajalegea kwa kupoteza damu, 90 kati ya kila 100 walipona. Waliofungwa baada ya kulegea, waliopona walikuwa 10 tu kati ya 100. Na hakuna aliyekatwa kiungo kwa sababu ya ukanda wenyewe.

Kikosi kimoja cha makomando, Rangers, kilikuwa kimechukua somo hilo mapema. Kabla ya mwaka 2001 kamanda wake, Stanley McChrystal, aliamuru kila askari afundishwe tiba ya dharura, awe dereva au mpiga redio, na kuiweka elimu hiyo sawa na kulenga shabaha. Katika miaka karibu kumi ya vita iliyofuata kikosi hicho kilipoteza wanajeshi 32. Uchunguzi wa kila kifo haukumpata hata mmoja aliyekufa kwa jeraha ambalo lingedhibitiwa kabla ya kufika hospitalini.

Kwa majeshi mengine ya Marekani picha ilikuwa tofauti. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulipitia vifo 4,596 vya miaka ya 2001 hadi 2011. Karibu tisa kati ya kila kumi walikufa kabla ya kumfikia daktari mpasuaji, na robo ya hao, watu 976, wangeweza kupona. Waliowaua wengi wao hawakuwa maadui pekee: ni damu iliyoachwa ikimwagika.

Darasa la Jumamosi usiku

Tumrudie sasa daktari wetu wa ngiri. Atapata wapi majeruhi wa kujifunzia ilhali nchi yake ina amani?

Jawabu la Wamarekani linasikitisha: kwenye miji yao wenyewe. Baada ya vita vya Ghuba vya 1991, wakaguzi wa serikali yao waliripoti kwamba waganga wengi wa kijeshi hawakuwa na mazoea ya majeraha ya vita. Wakati huohuo hospitali za umma za miji mikubwa zilikuwa zikipokea waliopigwa risasi na kudungwa visu usiku baada ya usiku. Mwaka 1999 majaribio yalianza katika hospitali ya Ben Taub mjini Houston. Kisha jeshi la nchi kavu likaweka chuo chake katika kituo cha Ryder mjini Miami, jeshi la anga likaenda Baltimore, na mwaka 2002 jeshi la majini likaingia hospitali kuu ya umma ya Los Angeles.

Mpango wa Miami ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu haumfundishi daktari peke yake. Kikosi cha upasuaji cha mstari wa mbele kilikuwa na watu 20: wapasuaji, wauguzi, wa dawa ya usingizi, wahudumu wa tiba. Walitarajiwa kufungua meza mbili za upasuaji ndani ya hema na kuweza kupasua watu 30 kwa saa 72 kabla ya kuletewa nguvu mpya. Mara nyingi watu hao 20 hawakuwa wamewahi kufanya kazi pamoja. Wengine walitoka kwenye akiba ya jeshi na kukutana karibu na siku ya safari. Walikaa Miami wiki mbili. Mwishoni wenyeji walisogea nyuma na kuwaachia zamu, wakisimama kando tayari kuingilia.

Wanachofunzwa hapo kwa kiasi kikubwa ni kuzungumza. Usicheke. Ingia kwenye chumba cha dharura mgonjwa mahututi anaposukumwa ndani: watu kumi wanasema kwa pamoja, kila mmoja anaagiza jambo, na hakuna anayejua ni nani aliyekwenda kuleta damu. Sasa ongeza vyeo vya kijeshi. Mpasuaji ni kanali. Aliyegundua kwamba mgonjwa amekuwa baridi kama samaki ni koplo wa miaka 21. Je, koplo atapaza sauti? Katika gwaride, hapana. Ndani ya hema akinyamaza, mgonjwa amekwenda. Kwa hiyo wanazoezwa kwamba kiongozi mmoja anasimama miguuni pa kitanda bila kushika kisu, kila agizo linarudiwa kwa sauti na aliyelipokea, na yeyote anayeona hatari anasema.

Somo la pili ni gumu zaidi kwa daktari aliyesoma vizuri: kuacha kazi nusu. Mwaka 1993 wapasuaji wa Philadelphia waliochoshwa na vifo vya vijana waliopigwa risasi nyingi tumboni waliandika kuhusu upasuaji wa kudhibiti madhara, jina waliloliazima kwa mabaharia. Meli ikitobolewa katikati ya bahari, haishonwi upya hapohapo. Tundu linazibwa kwa chochote ili ifike bandarini. Vivyo hivyo na mwili. Majeruhi aliyepoteza damu nyingi hupoa, damu yake huwa na asidi, na huacha kuganda, na kila moja ya hali hizo huzidisha nyingine. Ukikaa saa tano ukishona kila utumbo kwa ustadi, utamaliza kazi safi juu ya maiti. Basi fungua, ziba mishipa, funga utumbo uliotoboka usivuje, jaza vitambaa, liache tumbo wazi likiwa limefunikwa, mpashe mgonjwa joto. Rudi kesho au kesho kutwa. Daktari aliyezoea kupongezwa kwa mshono mzuri anahitaji kulitazama hilo likifanyika mara nyingi ndipo aliamini.

Damu ya nani?

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya majeshi hulipita haraka. Wanaoletwa kwenye vyumba hivyo Jumamosi usiku ni akina nani? Si watoto wa mabalozi. Kwa sehemu kubwa ni vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini kutoka mitaa maskini, hawana bima, wala hawakuchagua kuwa somo la mtu anayejiandaa kwenda Afghanistan. Wanaoutetea mpango wanasema, na ni kweli, kwamba mgonjwa hapotezi kitu: anapata mikono zaidi, chini ya macho ya mabingwa wa hospitali yenyewe. Nakubali. Hata hivyo mimi huona haya kwa niaba ya taifa ambalo likitaka kumwonyesha daktari wake vita, linampa tikiti ya basi tu.

Afrika nayo haimo nje ya hesabu hiyo. Hospitali ya Baragwanath mjini Soweto, iliyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kwa ajili ya wanajeshi wa Uingereza, imefunza waganga wengi wa kigeni namna ya kumshughulikia aliyepigwa risasi au kudungwa kisu, wakiwemo wa kijeshi.

Waingereza walikuwa na shida yao. Baada ya vita baridi walifunga hospitali zao za kijeshi moja baada ya nyingine na kuwatawanya madaktari wa jeshi katika hospitali za umma. Walipoingia Helmand, Afghanistan, walijenga hospitali katika kambi ya Bastion. Na kwa wale waliokuwa wakingoja zamu ya kwenda huko, wakajenga mfano wake ndani ya banda kubwa huko Strensall, karibu na mji wa York. Vitanda vilikaa palepale vilipokaa Bastion, mlango wa damu palepale, simu palepale. Timu nzima ililetwa kufanya kazi humo kabla ya safari. Majeruhi walikuwa waigizaji, baadhi yao watu waliokatwa miguu kwelikweli miaka iliyopita, wakipakwa rangi na damu ya bandia kisha kusukumwa ndani wakipiga mayowe. Muuguzi aliyekuwa akitetemeka alitetemekea York, si Helmand.

Damu, na saa

Katika miaka hiyo mtindo wa kumwongezea majeruhi damu ulibadilika pia. Zamani alitundikiwa maji ya chumvi chupa kwa chupa, ambayo humpoza na kuzimua damu iliyobaki. Mwaka 2007 madaktari waliokuwa Baghdad walichapisha habari za majeruhi 246 waliohitaji damu nyingi mno. Waliopewa plazma kidogo ikilinganishwa na chembe nyekundu, 65 katika 100 walikufa. Waliopewa kwa viwango vinavyokaribiana, waliokufa walikuwa 19. Na pale akiba inapokwisha, askari wenye damu inayofaa, waliopimwa mapema, hupanga foleni watolewe damu moto ipelekwe hemani moja kwa moja. Benki inayotembea kwa miguu, ndivyo wanavyoiita.

Lililobaki ni saa. R Adams Cowley wa Baltimore ndiye aliyeeneza habari za 'saa ya dhahabu', muda ambao majeruhi mahututi anatakiwa awe amefika kwa daktari. Mwaka 2009 waziri wa ulinzi wa Marekani, Robert Gates, aliamuru kila majeruhi mahututi Afghanistan asafirishwe ndani ya dakika 60. Muda wa kawaida wa safari ukashuka kutoka dakika 90 hadi 43, na vifo vya uwanjani vikapungua.

Lakini saa hiyo ni ya mwenye helikopta na mbingu zisizo na adui. Sisi Kenya tunalijua hilo kwa njia nyingine. Kuanzia 1987 hadi 2006 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliendesha hospitali ya Lopiding huko Lokichoggio, Turkana, kwa ajili ya majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan. Ndege ziliwaleta, ila kabla ya ndege wengi wao walikuwa wamebebwa au kujikokota kwa siku kadhaa. Wapasuaji kutoka nchi za ng'ambo waliohudumu pale walilazimika kusahau baadhi ya waliyofunzwa kwao. Kidonda cha vita hakishonwi siku hiyohiyo. Nyama iliyokufa inakatwa, kidonda kinafungwa bandeji kikiwa wazi, na kinaachwa siku nne au tano kabla ya kushonwa. Anayeshona haraka huufungia uchafu ndani, na mguu uliokuwa upone ukaoza.

Elimu hiyo ya subira sasa inatafutwa tena. Nchini Ukraine, tangu uvamizi wa 2022, droni zinawinda magari ya wagonjwa, na majeruhi anaweza kulala shimoni saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Ukanda uliookoa maisha unakaa muda mrefu mno, na sasa kweli watu wanapoteza viungo. Ndiyo maana mafunzo mapya yanamzoeza mhudumu kukesha na mgonjwa mmoja: kukagua kama ukanda unaweza kuondolewa na kidonda kufungwa vinginevyo kabla ya saa mbili kupita, kumgeuza, kumpa dawa ya maumivu, kumfunika asipoe.

Wanajeshi wetu nao wamekuwa Somalia tangu Oktoba 2011, na kabla ya hapo walilinda amani Namibia, Yugoslavia ya zamani na Sierra Leone. Umoja wa Mataifa huwapangia hospitali kwa ngazi. Ya ngazi ya pili, ambayo ndiyo ya kwanza kuwa na upasuaji, inatakiwa kuweza kupasua watu watatu au wanne kwa siku na kulaza kati ya 10 na 20. Lenga shabaha yao ni hii: huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, tiba ya juu zaidi ndani ya saa moja, upasuaji ndani ya saa mbili. Kwa mtoto aliyegongwa na bodaboda katika barabara zetu, hayo matatu ni ndoto.

Na si barabara peke yake. Tarehe 7 Agosti 1998 vita vilikuja mpaka katikati ya Nairobi. Watu 213 walikufa mjini humo, maelfu wakajeruhiwa, wengi wakatobolewa macho na vioo kwa kuwa walikimbilia madirishani waliposikia mlipuko mdogo wa kwanza. Matatu na magari ya watu binafsi ndizo zilizokuwa ambulensi. Waliowabeba majeruhi hao hawakuwa na mafunzo yoyote ila huruma.

Ripoti moja ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 2016 ilikadiria kwamba kati ya raia karibu 148,000 waliokufa kwa majeraha nchini humo mwaka 2014, hadi 30,000 wangepona kama wangepata tiba bora bila kukawia. Mafunzo ya ukanda nayo yamekuwa yakitolewa shuleni, makanisani na viwanjani. Kwa hivyo mzazi, haya nawe unaweza kuyafanya. Damu ikibubujika, bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi, usifunuefunue kuchungulia. Ikiwa ni mkono au mguu na haikomi, tafuta kitambaa kipana, si waya wala kamba nyembamba. Kifunge upana wa vidole vitatu au vinne juu ya kidonda, si juu ya kiwiko wala goti, pitisha kijiti na ukizungushe mpaka damu ikome. Kitauma sana, usilegeze kwa kumwonea huruma. Kisha chukua kalamu uandike saa uliyofunga, hata kama ni kwenye kipaji cha uso wake. Daktari atakayempokea, awe wa kambini au wa hospitali ya kaunti, ataitaka saa hiyo kabla hajauliza jina.